Stika Moja, Magari Matatu

Niliuza bima za magari pale Same mjini kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote ni mteja mmoja tu aliyewahi kuniomba nisikandamize kalamu. Mteja mwenyewe alikuwa baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyenilipia ada ya sekondari kwa kahawa yake, na mwaka mmoja kahawa ilipokataa akamuuza mbuzi wake wa maziwa. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka kofia gotini, akasema, "Mwanangu, hiyo namba ya gari kwenye stika iandike polepole. Usikandamize." Nikacheka, nikaandika bila kukandamiza.

Nieleze kwanza nilivyofika kwenye kile kiti. Nilikuwa karani wa duka la ushirika enzi zile za rafu ndefu zisizo na kitu. Sabuni ikija tunakata vipande. Sukari ikija, mtu anatoka Mhezi alfajiri kwa miguu, anafika imekwisha, ananitukana mimi kana kwamba nimeilamba peke yangu. Nami sikuwa mtu wa kutukanwa nikanyamaza, nilikuwa namrudishia palepale, mpaka meneja anatoka ofisini kutuamulia. Magari ya mlimani yalikuwa yamepandishwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, kuku wanatagia ndani.

Halafu ikaja ruksa. Kila mtu akaambiwa auze, anunue, alete. Maduka ya watu binafsi yakajaa mpaka barazani, matairi yakaonekana, magari yakashushwa kwenye mawe, na duka letu la ushirika likafa. Sisi makarani tukapunguzwa kazi. Nilipewa bahasha na barua ya shukrani, na ile barua niliichana mlangoni meneja akinitazama. Nilikuwa na watoto wawili na sina mume, ningekula barua?

Kampuni za bima za watu binafsi nazo zikaruhusiwa, na moja ikawa inatafuta wakala Same. Nikaomba, nikapata. Nikapewa kitabu cha karatasi za bima chenye nakala za rangi tatu, stika zilizofungwa kwa mpira, na muhuri. Nikapanga nusu ya chumba cha fundi cherehani karibu na stendi. Yeye alishona upande wa dirisha, mimi nikauza bima upande wa mlango. Wateja wake wakisimama kupimwa kiuno, wangu wanageuza uso.

Kuuza bima kwa Wapare wenzangu, jamani! Watani wetu Wachaga wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mtu huyohuyo mwambie alipie kitu ambacho hajakiona kwa macho, atakuangalia mpaka ujishuku. "Nikipata ajali mtanitengenezea gari?" anauliza. Namwambia hapana, bima hii ndogo ni ya yule utakayemgonga, ndiyo maana inaitwa ya mtu wa tatu. "Huyo mtu wa tatu namjua?" Humjui. "Basi namlipia wa nini?" Nilieleza mpaka koo likakauka, nikapandwa na hasira, nikawaambia sawa, nendeni zenu, trafiki atawaeleza vizuri. Hapo ndipo mikono ilipokuwa inaingia mfukoni. Wakatoka pale na imani moja, kwamba stika ni ya trafiki. Mungu anisamehe, sikuwasahihisha, kwa sababu imani hiyo ilikuwa inauza.

Kwetu Vudee wakati huo kulikuwa na magari matatu yanayobeba watu na mazao. Landrova ilikuwa ya baba mdogo, pikapu ilikuwa ya mzee mmoja wa kanisa, na kigari kidogo cha mizigo kilikuwa cha mwalimu mstaafu. Pikapu ndiyo ilikuwa nzima kuliko mengine.

Sasa, mtu asiyeijua ndiva hawezi kuelewa walichofanya wale watatu. Ndiva ni bwawa walilochimba babu zetu. Maji ya kijito yanakusanyika humo usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, na maji yanakwenda shambani kwa mwenye zamu. Leo yako, kesho ya jirani, na hakuna anayesema bwawa ni langu. Ukiiba zamu unatozwa mbuzi na unasemwa mpaka kipaimara cha mwanao. Mtu wa kwetu amekua na jambo hilo. Akiona kitu kimoja na watu watatu, kichwa chake kinatafuta zamu bila kuambiwa. Basi wale wenye magari wakakaa chini, wakachanga, wakanunua bima moja, ikaandikwa namba ya pikapu, wakawekeana zamu ya stika. Wakamtuma baba mdogo kuja kuinunua, kwa kuwa mwenye kalamu ni mwanawe.

Wenyewe waliona ni akili kubwa. Mlimani hakuna trafiki. Trafiki yuko chini, pale barabara ya mlima inapokutana na lami. Kwa hiyo gari linaloteremka mjini ndilo lenye haja ya stika, na yaliyobaki juu yanaihitaji ya nini? Waliigandisha kwenye kipande cha kioo cha dirisha, ukubwa wa kiganja, wakakiviringisha kwenye kitambaa cha kanga. Jioni kinahama kutoka gari hili kwenda lile. Asubuhi mwenye zamu anakiegemeza kwenye kioo cha mbele, na ukiwa nje huwezi kujua. Namba nayo, kwa vile haikukandamizwa na jua la Same halina adabu, baada ya mwezi ilikuwa haisomeki.

Nilijua. Nataka niseme hivyo bila kuzungukazunguka. Nilijua tangu siku nilipoiona stika niliyoandika namba ya pikapu ikipita mbele ya mlango wangu ndani ya kigari cha mwalimu. Mimi ninayeweza kugombana na mtu kwa chenji ya shilingi kumi, siku hiyo hasira haikuja. Nilimpungia mwalimu mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyowaambia watoto, na mimi ule ufa niliuona nikaucheka. Jumapili nilipopanda Vudee nikamsimulia mama, naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Stika ya zamu!" akasema. "Wakiikosa mvua wataifanyia tambiko."

Halafu akaletwa trafiki mgeni. Alikuwa kijana mrefu kutoka Kanda ya Ziwa, mpole, anayewaamkia wazee shikamoo kwanza ndipo awakamate. Yule wa zamani alikuwa anazisoma stika akiwa amekaa kivulini ng'ambo ya barabara. Huyu alikuja mpaka kwenye kioo, akaweka kidole, akasoma tarakimu mojamoja, kisha akazunguka mbele kulinganisha na kibao cha gari. Akiona shaka anaomba karatasi. Wiki ile ofisi yangu ilijaa mpaka fundi cherehani akalalamika kwamba wateja wake hawapati pa kusimama. Wanaume wenye mabasi, wenye malori ya katani, wenye mapikapu ya mitumba, wote wamekuja wamenuna. Nilifurahi kweli, nikanunua redio.

Wa Vudee hawakuja. Zamu ya stika ilikufa, kioo kikarudi kwenye pikapu moja kwa moja, lakini hawakununua nyingine mbili. Waligundua kwamba trafiki anafika njia panda saa moja na nusu asubuhi. Basi pikapu ikawa inateremka saa yoyote inayotaka, na Landrova na kigari vikawa vinawahi kupita kabla yake. Nilimtumia baba mdogo ujumbe kupitia kwa mama, kwamba anunue yake, mchezo umekwisha. Akajibu kwamba tangawizi ikishauzwa, mwezi ujao, atakuja kuinunua, na hatanidai hata chai.

Ikafika siku ya gulio. Mama alikuwa ametoka na kikapu chake cha maharage, amesimama kwenye kona moja chini kidogo ya nyumbani anasubiri pikapu ya mzee wa kanisa. Ukungu ulikuwa haujapanda na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Baba mdogo alikuwa amejaza tangawizi. Kuna mnunuzi kutoka Dar es Salaam aliyekuwa anasubiri na fedha mkononi, na saa moja na nusu, saa ya trafiki, ilikuwa inakaribia. Alikata ile kona kwa kasi ambayo hajawahi kuikata miaka yake yote ya udereva. Matairi ya nyuma yakateleza kwenye mawe, ubavu wa gari ukampiga mama, akaanguka, na tairi likapita juu ya paja.

Haya nimeyajua kwake mwenyewe baba mdogo. Aliufunga mguu kwa vipande vya mbao na kanga, akamwaga tangawizi yote barabarani ili kupata pa kumlaza, akateremka polepole. Alipofika njia panda trafiki alikuwepo tayari. Kijana aliinua mkono, akachungulia nyuma, hakuuliza stika wala leseni, akarukia ndani akamshika mama kichwa mpaka hospitali. Mimi nilikuwa nafungua kufuli la ofisi nilipomwona baba mdogo amesimama nyuma yangu na damu kifuani. Nilimwamkia kwa mazoea, hakuitikia. "Nimemgonga mama yako," akasema. Nikamuuliza amekufa? Akatikisa kichwa, akakaa chini pale kizingitini, akalia.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika mara mbili. Daktari wa Same alisema hapo hawawezi zaidi ya kuuning'iniza mguu kwa uzito na kuomba ushike vizuri. Kama tunataka atembee sawasawa, apelekwe hospitali kubwa Moshi akawekewe chuma, tena mapema, kabla mfupa haujaanza kujiunga ovyo. Siku hizo kuchangia matibabu kulikuwa kumeanza. Tulikaa kwenye ngazi ya wodi, mimi na baba mdogo, tukitafuta kwa sauti ni nini tunacho na nani anaweza kutukopesha, na kila jina tulilolitaja lilikuwa la mtu aliyepunguzwa kazi.

Kesho yake trafiki akaja ofisini kwangu. Alivua kofia. "Pole na mgonjwa, dada," akasema. "Ile Landrova ina bima?" Nikamwambia nitaangalia kwenye kitabu. Alijua ni ya baba yangu mdogo, alijua na kitabu kiko mezani mbele yetu, na hakunisukuma. "Ripoti yangu naipeleka Jumatatu," akasema. "Nitapita asubuhi. Kama kuna nakala, unanipa. Kama haipo, nitaandika haipo." Akamsalimia fundi, akaondoka.

Sasa kuhusu kile kitabu. Karatasi zake zilikuwa na namba za mfululizo, hivyo huwezi kuchomeka ya leo katikati ya za zamani. Lakini miezi mitatu nyuma karatasi mbili zilinatana, nikaruka moja bila kujua. Nilipoigundua nilipaswa kuipiga mistari miwili na kuandika imefutwa. Nikawa mvivu, nikaiacha. Ilikuwa humo, nyeupe, na nakala zake tatu, kati ya bima ya basi na bima ya trekta, na tarehe zote mbili zilikuwa za kabla ya ajali. Ningeijaza kwa dakika tano. Landrova ingekuwa na bima, kampuni ingewajibika, na mama angekuwa na pa kushika alipokuwa akisubiri Moshi. Hakuna aliyejua ila mimi.

Nilikwenda kumwona mama Jumamosi. Mguu ulikuwa juu, uso umepungua. Aliniuliza nani anamkatia ng'ombe majani, na kama maharage yaliokotwa. Nikamwambia yaliokotwa. Nilitaka kumuuliza juu ya ile karatasi, nikaogopa jibu lake, nikamkandakanda mikono mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha.

Jumapili baada ya ibada nikaitwa nyumbani kwa baba mdogo. Walikuwepo wenyewe watatu wenye magari, na mama mdogo aliyetuletea makande na chai. Mzee wa kanisa akaomba sala fupi. Kisha mwalimu mstaafu, aliyenifundisha hesabu darasa la tano, akasema kwa upole ule wake wa ubaoni kwamba wamefikiri. Gari limegonga, ni kweli. Bima haikuwepo, ni kweli. Lakini kampuni imekula fedha za watu wangapi ambao hawajagonga mtu? Si wizi huu, alisema, maana hakuna atakayetia hata senti mfukoni, yote yanakwenda kwenye mguu. "Wewe ndiye uliyetufundisha, binti. Bima ni ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu si huyo amelala pale Same?"

Baba mdogo alikuwa anatazama bakuli lake. Mzee wa kanisa akaniuliza kama katika kitabu hakuna nafasi yoyote, hata ndogo, ya tarehe za nyuma.

Ningesema haipo. Ningesema karatasi zina namba, haiwezekani, nao wangesikitika na kuamini, na kila mtu angekwenda zake tukiwa tunapendana. Lakini nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira nao kwa ile sala, kwa yale makande, kwa kunifanya nicheke miezi yote ile na sasa kunitaka niandike. Nikasema, "Ipo. Karatasi moja ipo, tupu, ya kabla ya ajali. Siandiki ng'o."

Mama mdogo alikuwa anamimina chai, akasimamisha birika. "Ipo?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, ipo. Akaniuliza nina moyo wa namna gani. Nikajibu kwa sauti ya juu kwamba nikiandika hii, kesho atakuja mwingine mwenye maiti, keshokutwa mwingine, nitawaambia nini? Kwamba ninaye mama mmoja tu? Nikasema stika mbili zingewagharimu magunia mangapi ya tangawizi, wazee wazima, mnaiviringisha kwenye kanga? Nikasema mengi. Sikusema kwamba nilikuwa naogopa jela. Nilikuwa na watoto wawili wanaosoma na redio ambayo sijamaliza kuilipia, na hofu ile ilikuwa kubwa kuliko uaminifu wangu wote, ila uaminifu ndio nilioutanguliza mbele za watu kwa sababu una sura nzuri.

Baba mdogo aliinuka, akanisindikiza mpaka barabarani kama anavyofanya siku zote. Tulipofika akasema, "Nilipomuuza yule mbuzi wa maziwa, sikukuuliza utanilipaje." Hakuwa amekasirika, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika. Nikamwambia najua, baba. Akanitakia safari njema.

Jumatatu trafiki alikuja saa mbili. Nilifungua kitabu mbele yake, nikaipiga ile karatasi mistari miwili, nikaandika imefutwa, na nikakandamiza mpaka nakala ya mwisho. "Landrova haina bima," nikamwambia. Akaandika. Fundi cherehani alikuwa ameacha kushona, nikamwambia aendelee na kazi yake, kuna nini cha kutazama.

Baba mdogo alishtakiwa, akalipa faini, akanyang'anywa leseni. Aliiuza Landrova kwa ajili ya mama, hilo hakuna wa kulikana, lakini gari kuukuu la mtu mwenye shida haliuziki haraka, na lilipata mteja miezi minne baadaye. Tulipomfikisha mama Moshi, daktari aliinua picha kwenye mwanga akasema mfupa umeshajiunga, umepanda juu ya mwenzake. Kwa umri wake hakushauri kuuvunja upya. Tukarudi naye siku ileile. Mguu wa kulia ukawa mfupi kwa vidole vitatu, na fundi viatu wa sokoni akamwongezea soli ya tairi.

Nimejiambia mara nyingi kwamba hata bima ingechukua miezi. Nilikuwa wakala, najua jinsi madai yanavyotembea, fomu kwa fomu. Pengine angefika Moshi wakati uleule. Pengine. Lakini pia najua mtu mwenye bima hukopesheka, na mama angeweza kuwa kwenye basi la Moshi wiki ileile kwa fedha ya mkopo. Nimekwenda na kurudi katika hesabu hiyo miaka mingi, na bado sijapata jibu linalonilaza vizuri.

Mwalimu na mzee wa kanisa walikuja ofisini mwezi uliofuata ajali wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Mzee akalipia bima mpya ya pikapu ingawa ya zamani ilikuwa bado imebakiza miezi, mwalimu akalipia ya kigari. Nikawaandikia kwa wino mzito. Vudee watu wakaanza kusema bila kuficha kwamba stika si ya trafiki, na mtu akiulizwa anajuaje, anaonyesha kwa kidevu upande wa nyumba ya mama. Baba mdogo tulisalimiana vizuri mpaka alipofariki. Namwamkia, anaitikia marahaba, anauliza habari za watoto wangu mmoja baada ya mwingine. Lakini kwenye benchi langu hakukaa tena, na alipokuja mjini alikuwa anapita upande wa pili wa barabara.

Mama hakuwahi kunigusia. Alijua kila kitu, maana mama mdogo alimsimulia wodini siku ya pili yake, na Vudee hakuna jambo linalokaa. Alijifunza kulima akiwa amekaa kwenye kigoda, akikisogeza mstari kwa mstari. Alinisifu kwa watu kwamba mwanawe ana kazi safi. Mimi niliyachukua yale kuwa msamaha, hata nikawa najisikia fahari kidogo.

Nilimuuliza mwishoni kabisa, nilipokuwa nimeshaacha uwakala na nimerudi kukaa naye. Tulikuwa barazani tunapukuchua maharage, miguu yake ameinyoosha mbele, mmoja umefika ukingoni na mwingine haujafika. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema, "Mama, ile karatasi. Ungetaka niiandike?"

Hakushtuka. Aliendelea kupukuchua, akafikiri. "Ungefungwa," akasema. "Na hao wanao ningewakimbiza kwa mguu gani?" Akacheka, nami nikacheka, nikashusha pumzi iliyokuwa imenikaa kifuani miaka yote ile. Nikaokota ganda jingine.

"Lakini ingekuwa mguu ni wako," akasema mama, bado macho yake yako kwenye ungo, "na hicho kitabu ninacho mimi, na mwandiko wangu huu wa elimu ya watu wazima, ningeandika."

Nikamwambia, "Ungefungwa, mama."

"Ningefungwa," akasema.

Alipuliza makapi, akachagua punje mbili zilizotobolewa akazitupa kwa kuku. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kwangu na kusema nimwinue, akatazame sufuria jikoni. Nikasimama, nikamshika kwapani, nikamwinua, na uzito wake wote ukaniegemea upande wa mguu mfupi.